Mwalimu wa Mashine na Suala la Kujitegemea

Siku hizi yapo maneno mengi juu ya mashine inayofundisha. Makada wanayasikia katika semina, wanafunzi wanayasoma katika simu zao, na watumishi wa elimu wanaletewa mapendekezo yaliyopambwa kwa picha za watoto wanaotabasamu mbele ya vioo. Wapo wanaosema kwamba mashine hii ndiyo mkombozi wa mtoto wa kijijini, na kwamba zikinunuliwa za kutosha uhaba wa walimu utakuwa umekwisha. Wapo pia wanaosema kwamba ni kasumba mpya iliyofungwa katika karatasi ya kung'aa, na kwamba njia ya salama ni kuikataa. Sisi tunaona pande hizi mbili zinakosea kwa sababu moja. Hakuna aliyeifungua mashine yenyewe akaangalia imeundwaje ndani. Mmoja anashangilia ganda na mwingine analitukana ganda hilo hilo.

Makusudi ya makala haya ni kutazama ndani. Tutahakiki programu za kufundishia zilizojaribiwa hapa nchini, kwa lugha yetu, katika vijiji vya Mkoa wa Tanga. Tutazitazama tukiwa Songea. Wanaozisifu wanadai kwamba zinaweza kutumika mahali popote. Basi tunauliza: programu iliyofanya kazi Muheza, itahamaje kuja Mbinga au Namtumbo? Nani ataihamisha, na kwa ruhusa na ujuzi gani?

Kwanza habari yenyewe. Shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE lilitengewa dola milioni 15 za Marekani, fedha iliyotolewa na tajiri Elon Musk. Washindani walitakiwa watengeneze programu ambayo mtoto asiye na mwalimu angeweza kujifunza nayo kusoma, kuandika na kuhesabu katika muda wa miezi 15. Waliojiandikisha walikuwa karibu timu 200. Zikabaki tano, na kila moja ikapewa dola milioni moja: CCI ya New York, Chimple ya India, Kitkit School iliyotengenezwa na kampuni ya Enuma yenye asili ya Korea Kusini na Marekani, onebillion ya London, na RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019 programu hizo ziliwekwa katika vishikwambi vilivyotolewa na Google, zikapelekwa kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 hivi. Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki, na vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua vikajengwa vijijini.

Matokeo hayakuwa madogo. Kabla ya jaribio, watoto 74 katika kila 100 walisema hawajapata kwenda shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 sehemu hiyo ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 Kitkit School na onebillion zilitangazwa kushinda kwa pamoja, zikagawana dola milioni 10 zilizosalia. Mtu anayedharau jambo hili hajakaa na mtoto wa miaka tisa anayeona haya kushika kitabu. Lakini anayeshangilia nusu ya kwanza aikumbuke nusu ya pili, maana ni watoto wetu vile vile.

Liko sharti moja la shindano ambalo magazeti hayakulishughulikia sana, nalo ndilo lenye maana kubwa kwetu. Washindani wote watano walilazimika kuacha wazi msimbo wa programu zao, yaani maandishi ambayo kwayo mashine huamriwa la kufanya, pamoja na masomo yaliyomo. Mwaka 2019 vyote hivyo viliwekwa hadharani. Mtu yeyote duniani, na mwalimu wa Songea akiwa mmojawapo, ana haki ya kuvichukua, kuvibadili na kuvigawa bila kulipa senti moja. Ni jambo la nadra kwa bepari kutoa mali ya namna hiyo. Basi inatupasa tujiulize haki hiyo tumeifanyia nini.

Ndani ya mashine

Wazo la mashine inayofundisha kwa akili halikuanza jana. Mwaka 1970 Jaime Carbonell alieleza programu iliyoitwa SCHOLAR, iliyofundisha jiografia ya Amerika Kusini. Kabla yake mashine za kufundishia zilikuwa kama kitabu chenye kurasa zinazojifunua zenyewe: swali, jibu, swali linalofuata, yote yakiwa yamepangwa na mtunzi tangu mwanzo. SCHOLAR ilihifadhi maarifa ya nchi, miji na hali ya hewa katika ghala lake, ikayatumia kutunga maswali yake yenyewe, na mwanafunzi naye aliweza kuigeuzia kibao akaiuliza.

Kutokana na kazi za namna hiyo wataalamu walikubaliana kwamba mwalimu wa mashine ana viungo vinne. Kipo kiungo chenye maarifa ya somo. Kipo kinachoweka picha ya mwanafunzi: anajua nini, hajui nini, hukosea wapi. Kipo chenye mbinu za kufundisha, kinachoamua wakati wa kueleza, wakati wa kuuliza na wakati wa kunyamaza. Na upo uso, yaani kile mwanafunzi anachokiona, anachokisikia na anachokigusa. Mwalimu yeyote hodari wa shule ya msingi ana vyote vinne, ila kwake havina mipaka, vimechanganyika kama maji na chumvi.

Programu inayonyumbulika ni ile ambayo viungo hivi vimetenganishwa, hata ukitoa kimoja na kuweka kingine, vilivyobaki haviharibiki. Programu isiyonyumbulika ni ile ambayo somo la hesabu limeshonwa pamoja na picha, na picha imeshonwa pamoja na sauti, hata ukitaka kubadili neno moja huna budi kuirudisha kwa fundi aliye ng'ambo ya bahari.

William Clancey wa Chuo Kikuu cha Stanford alilijaribu jambo hili mwishoni mwa miaka ya sabini. Palikuwapo programu iliyoitwa MYCIN, iliyotengenezwa kuwashauri madaktari juu ya maambukizo ya damu. Clancey akatengeneza nyingine, GUIDON, iliyochukua maarifa ya MYCIN kuwafundisha wanafunzi wa udaktari. Mbinu za kufundisha aliziweka mbali na maarifa ya tiba, kwa matumaini kwamba siku nyingine tiba ingeondolewa na somo lingine likaingizwa. Lilikuwa wazo zuri. Lakini aligundua jambo ambalo tungependa kila mnunuzi wa vishikwambi alifahamu. Kanuni zilizoiwezesha MYCIN kutoa uamuzi sahihi hazikutosha kufundishia. Zilisema fanya hivi ukiona vile. Hazikusema kwa nini, wala kwa nini jambo hili litazamwe kabla ya lile. Mwenye kanuni alizifupisha kwa kuwa yeye alikwisha kuelewa. Ikabidi maarifa yenyewe yapangwe upya.

Wenyeji wa Songea na Namtumbo hawahitaji kwenda Stanford kuliona jambo hili. Mkulima mzoefu wa tumbaku ya moshi huingia bani, akalishika jani, akasema moto upunguzwe. Kijana akimwuliza amejuaje, mzee hucheka, kisha akasema utajua tu. Mzee hamfichi kijana. Maarifa ya kutenda yamo katika vidole vyake, na maarifa ya kufundisha ni kazi nyingine ambayo hakuna aliyepata kumtaka aifanye. Kwa hiyo tukisikia mtu anasema kwamba atachukua vijitabu vya bwana shamba, avitie katika mashine, na kesho yake tuwe na mwalimu wa kilimo, tujue kwamba kosa hilo lilikwisha kufanyika na kuandikwa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Tuliyokuwa nayo kabla ya kompyuta

Baadhi ya vijana wetu wanadhani kwamba kazi ya kutenganisha mbinu na somo ni uvumbuzi wa watu wa kompyuta. Hapana. Nchi hii iliifanya kwa karatasi.

Kati ya 1968 na 1972 ulikuwapo mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima katika mikoa ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. UNESCO walisaidia. Vitabu vya kusomea vilivyotokana na mradi ule vilikuwa na mbinu moja, lakini masomo mbalimbali. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba. Wa migomba alikuwa na kitabu cha ndizi, mvuvi kitabu cha uvuvi, mfugaji kitabu cha ng'ombe, na kina mama wakawa na maarifa ya nyumbani. Mwalimu aliyefunzwa mbinu kwa kitabu cha pamba hakuhitaji kufunzwa upya ili kufundisha kwa kitabu cha ndizi. TANU ilipoamua mwaka 1971 kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe kabla ya mwisho wa 1975, mbinu hiyo ndiyo iliyopelekwa nchi nzima, na masomo yakaongezwa kulingana na uchumi wa kila sehemu. Katika mtihani wa taifa wa 1975 wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39, na kufika 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Tunajua yamekuwapo mabishano juu ya kipimo kilichotumika, na wengi waliofaulu waliisahau kalamu baadaye kwa kukosa cha kusoma. Hata hivyo umbo la kazi ile lilikuwa sahihi.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikuwa na umbo hilo hilo kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakiongozwa na viongozi wa vikundi 75,000 hivi waliofunzwa kazi hiyo. Redio ilisema neno moja kwa nchi nzima. Lakini baada ya redio kunyamaza kikundi kilijadili: hapa kwetu, maji tunayachota wapi, choo kichimbwe wapi, nani atachimba. Yaani sehemu ya katikati ilikuwa moja, na sehemu ya mwisho iliachwa wazi kwa makusudi ili wenyewe waijaze. Mbuni wa programu angeita hiyo nafasi ya mtumiaji kuingiza yake. Sisi tuliita majadiliano. Miaka miwili baadaye kampeni ya Chakula ni Uhai ikaupokea muundo ule ule, ikabadili somo tu.

Uzuri na upungufu wa programu za Tanga

Tukizitazama zile programu tano kwa macho hayo, tunaona mema na mabaya kwa pamoja.

Tuanze na RoboTutor, maana ndiyo iliyotoka moja kwa moja katika ukoo wa wataalamu tuliowataja. Kiongozi wake, Jack Mostow, alikuwa ametumia miaka mingi katika mashine inayomsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Katika RoboTutor zoezi moja hutumika mara nyingi kwa masomo tofauti. Mfano ni zoezi la mapovu: mapovu yanatokea kiooni, na mtoto anapasua lenye jibu. Leo mapovu yamebeba herufi, kesho silabi, keshokutwa tarakimu. Zoezi ni lile lile, kinachobadilika ni orodha ya data inayolilisha. Hiyo ni kazi nzuri ya ubunifu, na mtu anayetaka kuongeza maneno ya kahawa au ya mahindi hana haja ya kugusa mitambo ya zoezi. CCI walikwenda mbele zaidi kwa nia, wakaanza kujenga jukwaa ambalo mtu asiyejua kuandika msimbo angeweza kutungia masomo kwa lugha yoyote. Hao hawakushinda. Hakimu wa shindano alipima kusoma kwa watoto katika miezi 15, wala hakupima kama mwalimu wa kijiji ataweza kutunga somo mwaka wa tano. Hatumlaumu, maana hayo ya pili hayakuwa katika shindano lake. Lakini kwetu hayo ndiyo yangekuwa ya kwanza.

Onebillion nayo ina historia inayotuhusu watu wa kusini. Kabla ya kuja Tanga watu wake walifanya kazi Malawi kwa lugha ya Kichewa. Kwa hiyo somo lililoanzia ng'ambo ya Ziwa Nyasa, majirani zetu kabisa, lilipitia London, likabadilishwa lugha, likafika Tanga. Yaani programu ilivuka mipaka ya lugha na nchi bila kufa, na huo ni ushahidi kwamba iliundwa kwa viungo vinavyotengana. Ila fundi wa kubadilisha alikuwa London.

Sasa tuje kwenye upungufu. Kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ni picha ya mwanafunzi. Chukua mtoto wa Songea vijijini, ambaye nyumbani husikia Kingoni, au wa Mbinga ambaye husikia Kimatengo, na shuleni hukutana na Kiswahili. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi r na l, na hazina zile sauti tulizozipata kutoka Kiarabu. Mtoto huyo akiona neno “rula” huenda akatamka “lula”, na “thelathini” ikawa “selasini”. Je, amekosea kusoma? Mwalimu anayewajua watu wa hapa atasema amesoma sawasawa, ametamka kwa ulimi wa kwao, na la kurekebisha ni matamshi, tena siku nyingine. Mashine inayosikiliza bila habari hiyo itamhesabia kosa, itamrudisha nyuma kwa herufi alizokwisha kuzijua, na mtoto atachoka asijue ameadhibiwa kwa nini. Pengo hili halizibwi na mhandisi wa Pittsburgh. Linazibwa na mtu aliyefundisha darasa la kwanza Peramiho au Mbamba Bay kwa miaka 20, akakaa na mhandisi, wakaandika pamoja makosa ambayo si makosa.

Hesabu nayo haina kabila, lakini mifano yake inayo. Katika milima ya Umatengo watu hulima kwa ngoro: nyasi hupangwa katika miraba, udongo ukafunikwa juu yake, katikati pakabaki shimo. Ni vigumu kupata picha iliyo bora zaidi ya kufundishia safu, nguzo na kuzidisha kuliko shamba la ngoro likitazamwa kutoka upande wa pili wa bonde. Mtoto wa Mbinga analiona kila siku akienda shule. Programu iliyokuja tayari kutoka nje haina ngoro, na hatutegemei iwe nayo. Swali letu ni kama iliacha tundu la kuiingiza.

Kisha lipo suala la chombo chenyewe. Kishikwambi kilichotumika Tanga kiliitwa Pixel C, na Google waliacha kukiuza mwishoni mwa 2017, yaani karibu wakati ule ule watoto walipokuwa wakikabidhiwa. Ndiyo tabia ya soko: chombo huzeeka kabla ya mtoto kumaliza darasa. Kwa hiyo programu iliyofungamana na chombo cha aina moja hufa na chombo. Leo walimu wetu wengi wanavyo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, na Songea imeunganishwa na gridi ya taifa tangu 2018. Chombo kipo na umeme umesogea. Lakini tukiuliza ni somo gani lililomo ndani ya vishikwambi hivyo ambalo lilitungwa na walimu wa mkoa huu, tunajibiwa kwa taarifa ya idadi ya vishikwambi.

Jambo ambalo hatukubaliani nalo hata kidogo ni ile dhana iliyozaa shindano lenyewe, kwamba mtoto na kioo chake wanatosha. Kwa mtoto ambaye hana shule kabisa, kioo ni bora kuliko kukosa. Lakini dhana hiyo ikigeuzwa kuwa sera, mwalimu ataonekana ni gharama inayoweza kuondolewa, na jirani ataonekana hana kazi. Mtu ni Afya ilikuwa na redio, ambayo ni mashine, ila redio iliwekwa katikati ya kikundi.

Somo la Litowa

Tulisema tunayo sababu ya kusimama Songea. Litowa iko katika wilaya hii. Mwaka 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji pale, na baadaye vijiji kadhaa vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Shule ya Litowa ilipokea watoto wa vijiji hivyo, na masomo yake yalijengwa juu ya kazi na maisha ya vijiji vyenyewe. Hata kabla ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, walimu wa pale walikuwa wakitunga, wakijaribu na kurekebisha. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja ule. Miaka michache baadaye vijiji vikaenezwa nchi nzima kwa amri na kwa malori.

Hatulitaji jambo hili ili kufufua ugomvi wa wazee. Tunalitaja kwa sababu Chama chetu kimefundisha tangu Mwongozo wa 1971 kwamba kujikosoa si aibu, na kwa sababu kosa lile ni kosa la ubunifu hasa. Kilichonakiliwa ni umbo la nje: nyumba katika mistari, shamba la pamoja, bendera. Uwezo wa wanakijiji kukaa, kulitazama jambo lililokataa kufanya kazi na kulibadili wenyewe haukunakiliwa, na tena wale waliokuwa nao walitawanywa. Kitu kilichotungwa vizuri mahali pamoja kiligeuka kuwa kigumu kilipofika mahali pengine, kwa kuwa mpokeaji alikatazwa kukifungua.

Mtu anaweza kusema kwamba kwa programu hali ni tofauti, maana leseni yake inaruhusu kila kitu. Ni kweli kwamba leseni inatoa haki. Lakini mkulima aliyepewa hati ya shamba na hana jembe amepewa karatasi. Haki ya kubadili msimbo bila watu wanaojua kuubadili, bila walimu wenye saa za kufanya kazi hiyo, bila mahali pa kurudisha kilichobadilishwa ili wilaya nyingine ikitumie, haijabadili chochote. Kitabu kilichochapwa Peramiho kikiwa na kosa, mwalimu alijua mchapaji yuko wapi. Angeweza kwenda kwa baiskeli akamwonyesha. Programu ya Kiswahili iliyowekwa wazi kwa dunia nzima haina mchapaji anayefikika kwa baiskeli, mpaka sisi tumweke.

Wala tusitafute kimbilio katika kukataa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wakati ule ilikuwapo hoja: fedha za kigeni zilikuwa haba, na kompyuta iliyokuwa Hazina ilikuwa imeleta hasara na fadhaa. Lakini marufuku yale hayakutofautisha kununua na kujifunza. Tulizuia mashine, na pamoja nayo tukazuia kizazi cha mafundi, na mlango ulipofunguliwa tukaingia sokoni kama wateja. Kwamba tunaweza kuwa zaidi ya wateja kulionekana Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi na palikuwa na watu waliopewa kazi ya kuufungua.

Leo mjadala umehamia kwenye akili unde inayozungumza, zile programu zilizosambaa tangu mwisho wa 2022, ambazo hujibu kwa Kiswahili swali lolote. Wanafunzi wetu wa elimu ya masafa wanazitumia, na hatuoni ajabu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria aliye Tunduru, anayesoma peke yake usiku baada ya kazi, atamwuliza yeyote anayejibu. Mashine hizi zinanyumbulika kuliko zote tulizozitaja. Ila vile viungo vinne ndani yake havina mshono: maarifa, mbinu na picha ya mwanafunzi vimeyeyushwa pamoja katika namba nyingi mno. Ikikosea juu ya historia ya Maji Maji, huna ukurasa wa kuufungua usahihishe ukajua umesahihishwa. Na nyingi zinakaa katika mitambo ya makampuni ya nje, zikilipiwa kwa mwezi. Kwa hiyo kunyumbulika peke yake si kipimo cha kutosha. Ni lazima tuulize linanyumbulishwa na nani.

Kwa sasa tunapendekeza jambo dogo linaloweza kuanza bila bajeti mpya. Programu za Tanga ziko wazi. Vyuo vya ualimu viko Songea. Kituo cha Chuo Kikuu Huria kipo. Wachaguliwe walimu wanafunzi wachache na vijana wachache wanaojua kuandika msimbo, wapewe moja ya programu hizo, RoboTutor kwa mfano, na muhula mmoja. Waingize ngoro, kahawa na tumbaku. Waandike orodha ya r na l. Wakishindwa, waandike wameshindwa wapi, kwa kuwa hilo nalo ni maarifa ambayo hakuna anayetuuzia.

Na kada atakayeketi katika kamati ya kununua programu nyingine, asianze kwa kuuliza bei. Amwombe mwuzaji abadili neno moja la somo pale pale mezani, mbele ya kamati. Kisha amwite mwalimu wa darasa la kwanza, amwombe mwuzaji akae pembeni, na mwalimu abadili neno la pili.